Ubeti wa Nne

Kofi la kwanza lilitua pale pale mdundo ulipotakiwa kuanzia, na mpiga ngoma, aliyekuwa amefumba macho kama ada yake, akadhani ndiyo ishara. Akaingia. Akaingia vizuri, tena vizuri mno, vijiti vikiteleza juu ya ngozi. La pili akalipokea kwa toazi. La tatu halikuwa kofi, lilikuwa ngumi, na baada yake akasikia kitu kisichokuwemo katika wimbo wowote aliowahi kuupiga: kichwa cha mtu kikigonga sakafu ya saruji.

Akafumbua macho. Mwimbaji alikuwa chini, miguu peku, mdomo umejaa damu. Aliyesimama juu yake, gitaa likiwa bado linaning'inia shingoni, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Sasa mtu atauliza: mpiga ngoma mzima, mvi zimemwota, hajui kutofautisha ubao wa gitaa na shavu la mtu? Anajua. Lakini wimbo ule hufunguliwa kwa kugonga gitaa mara tatu, na ngoma huingia pamoja na huko kugonga. Na mkono wa kijana yule, waliyempa jina la Vidole kwa ufundi wake, haukuwa umewahi kukosea mdundo tangu ashike nyuzi. Hata katika kumpiga dada yake haukukosea. Hapo ndipo panapotia hofu.

Mwimbaji mwenyewe waliomjua walimwita Mkwaruzo, kwa ile sauti yake iliyokuwa na mchanga ndani. Alikuwa ameimba bluzi miaka mingi katika kumbi zenye meza zinazonata, akiimba ya watu: mapenzi ya watu, misiba ya watu, treni za watu. Albamu hii mpya ilikuwa ya kwao. Alitaka muziki wa asili na wa roho, nyimbo za kusagia alizoziimba bibi yao, nyimbo za wachukuzi, nyimbo za kumwombea mgonjwa, zote zipite katika gitaa la bluzi na zitoke na makovu yake. Alitaka albamu ambayo mama yao angeweza kuisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunyanyuka kitini. Hilo la mama hakumwambia mtu, lakini ndilo lililomtoa nyumbani kila asubuhi.

Studio yenyewe zamani ilikuwa kiwanda cha magodoro. Fundi wa sauti alikuwa ameyapigilia kutani magodoro yaliyobaki, yenye madoa na yasiyo na madoa, na humo ndani neno la mtu lilikufa mara tu lilipotoka kinywani. Fundi alikuwa na kanuni moja. Mkwaruzo aliimba peku. Alipovua viatu, mashine iliwashwa, na haikuzimwa mpaka avivae tena. Wapige, wakosee, wakohoe, wagombane, yote yaliingia. Alisema muziki mzuri hupita wakati watu wanafikiri hawafanyi kazi. Pembeni palikuwa na kichumba cha kuimbia, si kikubwa kuliko kabati la nguo, chenye mlango mnene na komeo la chuma kwa ndani, kwa ajili ya waimbaji wenye haya. Mkwaruzo hakukitumia hata siku moja. Alisema kinanuka jasho. Haikuwa hiyo sababu.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye wimbo wa marehemu baba yao.

Baba yao alijulikana kwa jina la Asali, na wimbo wake, "Nifungulie", ulikuwa haukosekani arusini. Bwana harusi husimama mlangoni pa ukumbi, mpiga gitaa hugonga ubao wa gitaa mara tatu, ngo, ngo, ngo, watu hupiga vigelegele, na bibi harusi hujidai kukataa hadi ubeti wa tatu. Ubeti wa tatu ndio wa mwisho. Hapo mlango hufunguliwa na watu hulia kwa furaha. Mama yao alipoalikwa harusi, wimbo huo ukianza, alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Vidole alimwomba dada yake waurekodi. Akaomba, akabembeleza, akanuna siku kadhaa kama mtoto. Mwishowe Mkwaruzo akakubali kwa sharti moja: asigonge. Vidole akasema sawa. Walipoanza, akagonga. Wakarudia. Akagonga tena.

"Nilisema usigonge."

"Bila kugonga si wimbo wa mzee, Dada."

"Basi tuuache."

"Tuuache? Huo ndio watu wanaousubiri. Maharusi wangapi wameingia ukumbini kwa kugonga kule?"

Mpiga ngoma, aliyezeeka katikati ya magomvi ya waimbaji na wapiga gitaa, alifumba macho asubiri yaishe.

"Unajua alikuwa anagonga wapi?" Mkwaruzo aliuliza.

"Kwenye gitaa. Wapi tena?"

"Alikuwa anagonga kwetu. Mama amejifungia na sisi chumbani, amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, damu inamtoka sikioni. Yeye yuko upande wa pili. Amemaliza kupiga, sasa anaimba."

"Usimtukane marehemu."

"Ulikuwepo. Ulikuwa mapajani mwangu."

"Ningesikia."

"Ungesikia nini, na mimi nimekuziba masikio kwa mikono hii?" Akainyanyua mikono yote miwili mbele ya uso wa mdogo wake. "Wimbo ukianza ndipo nakuachia, upate usingizi. Tazama sasa. Umekua, na hata kusimama unasimama kama yeye."

Kisha kofi, kofi, ngumi.

Mkwaruzo hakulia. Vidole alipoinama, pengine amwinue, pengine amwongeze, hata yeye hajui mpaka leo, dada yake alimdaka mkono wa kulia, ule wa kucharaza nyuzi, akauma. Akauma nyama ya chini ya kidole gumba, akaendelea kuuma, na jino lililokuwa limelegea likabaki humo. Vidole akapiga ukelele. Mpiga ngoma akaiangusha ngoma yake, akamrukia, akamkaba koo na kumkandamiza kwenye godoro la ukutani mpaka macho yakamtoka. "Nimekupigia ngoma," alikuwa akisema, "mwanaharamu wewe, umenifanya nikupigie ngoma ukimpiga dada yako." Alilirudia hilo tena na tena, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Fundi alitoka nyuma ya kioo mbio, akajikwaa kwenye nyaya, akaanguka kifudifudi. Gitaa lilibamizwa, uzi mmoja ukakatika kwa mlio mrefu.

Katika rabsha hiyo Mkwaruzo alitambaa. Hakuchagua pa kwenda. Alipopata akili alikuwa ndani ya kichumba, mlango umefungwa, komeo limepita, na yeye amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni.

Alipogundua amekaaje, alicheka. Kicheko kilitoka na damu.

Asali hakuwa mlevi. Watu wakisikia mume mpigaji hupenda kuuliza habari za pombe, wapate pa kuegesha lawama. Pombe haikuwamo. Alipiga akiwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Alipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa ufunguo wa nyumba, na mara moja kwa kigoda cha jikoni. Siku ya kigoda ndipo taya la mama lilipotoka, na sikio lake la kushoto likafa. Asali akishachoka, mama hukimbilia chumba cha watoto na kusukuma komeo. Kisha ngo, ngo, ngo, na ile sauti iliyowaliza maharusi:

*Nifungulie mpenzi, huku nje nako ni giza,*
*moyo wangu mlangoni, usiache ukaoza.*

Ubeti wa kwanza mama hufuta damu. Wa pili hufunga kanga vizuri. Wa tatu mkono wake hupanda wenyewe hadi kwenye komeo, na chuma hulia kile kilio chake chembamba, na Asali huingia akiwa ametota machozi, akampigia magoti. Hakukuwa na ubeti wa nne kwa sababu haukuwahi kuhitajika. Asubuhi majirani walisifu: mwenzetu unaimbiwa, sisi tunalala na magogo. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu alipita kila wiki, na kombe likafunikwa kila wiki.

Na binti aliyekuwa akiziba masikio ya mdogo wake alidhani anamkinga. Alimkinga na kishindo, akamwachia wimbo. Akamlea mtoto aliyemjua baba nusu, nusu tamu, na nusu hiyo ndiyo iliyokua ikawa mwanamume mwenye mikono miwili. Mkwaruzo aliwaza hivyo akilitafuta kwa ulimi pengo lililoachwa na jino, na hasira iliyompanda iliyazidi maumivu. Alimchukia baba yake. Alimchukia mdogo wake. Kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, alimchukia na mama.

Nje pakatulia. Alisikia kwa mbali mpiga ngoma akihema, na Fundi akikohoa. Halafu, mlangoni, nyuma tu ya mgongo wake:

Ngo, ngo, ngo.

Vidole hakuwa amepanga. Hilo lazima lisemwe. Alikuwa amepiga magoti nje ya mlango, mkono unavuja, gitaa lenye nyuzi tano kifuani, na hakujua njia nyingine ya kumwomba mtu msamaha akiwa upande wa pili wa mlango. Hakuwahi kufundishwa nyingine. Akaanza kuimba.

"Nitamvunja huyu," mpiga ngoma alisema, akamshika ukosi.

Ndani ya kichumba palikuwa na maikrofoni ambayo Fundi hakuichomoa kamwe, na visikilizio vikining'inia kwenye msumari. Mkwaruzo alivivaa. Sauti ya mdogo wake ikamjaa kichwani, karibu kuliko alivyotaka.

"Mwacheni apige," alisema kwenye maikrofoni, na kila aliyekuwa nje akaisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, nzito, yenye mate na damu. "Fundi, sijavaa viatu."

Fundi alielewa. Alirudi nyuma ya kioo, akakaa, akaweka mkono mdomoni azuie kikohozi.

Vidole akaimba ubeti wa kwanza. Alikuwa na sauti ya Asali hasa, ile inayomfanya mtu asahau alikuwa anadai nini. Mkwaruzo alijifuta mdomo kwa ncha ya blauzi. Ubeti wa pili. Akajikuta anajitengeneza nguo, anavuta sketi ifunike magoti. Ubeti wa tatu ukaingia, ule wa kusihi, gitaa likishuka chini hadi likawa kama mtu anayepumua, na Mkwaruzo akahisi ubaridi kwenye vidole vyake. Akatazama. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo.

Mkono huo hakuutuma. Ulikwenda wenyewe, umejifunzia kwa mwingine, kama mguu wa mtu unavyojua ngazi za kwao gizani. Ulikuwa tayari umeanza kusukuma. Chuma kilikuwa kimekwisha sogea.

Akalirudisha komeo mahali pake. Kwa nguvu zote. Chuma kikalia, na kilio hicho kimo ndani ya albamu. Mwenye sikio atakisikia.

Nje, ubeti wa tatu ukaisha. Vidole akanyamaza, akangoja. Hakujua anangoja nini. Wimbo uliishia hapo, mikono yake haikuwa na la kufanya baada ya hapo, na mlango ulikuwa umefungwa. Kimya kikaendelea mpaka kikawa aibu, kikapita aibu. Pengine ndiyo mara ya kwanza kijana alijiuliza kwa nini wimbo wa baba yake hauna mwisho mwingine.

Ndipo dada yake alipoimba. Hakuitafuta sauti nzuri. Aliitoa ile aliyokuwa nayo, pengo likipiga mluzi kila herufi ilipopita:

*Komeo nimelishika, sauti naitambua,*
*mkono unaobisha ndio ulioniua,*
*piga, ndugu yangu, piga, mlango sitafungua.*

Aliuimba mara moja, kisha tena, kisha akaacha maneno, akawa anaguna tu, ule mguno wa bibi yao alipokuwa akisaga, uzito wote wa mwili ukienda na jiwe. Nje gitaa lilikaa bila kujua la kufanya. Halafu likatafuta. Likakosea, likatafuta tena, likapata pa kuingilia. Vidole alipiga akilia kwa sauti, damu ikilainisha nyuzi, akimfuata dada yake mahali ambapo baba yao hakuwahi kufika. Mpiga ngoma alisimama juu yake, vijiti vimebanwa kwenye ngumi, na hakupiga hata pigo moja. Alikuwa amekwisha pigia mno siku ile.

Wimbo ulipokwisha, Mkwaruzo alisema kwenye maikrofoni, "Mtoeni nje." Wakamtoa. Akatoka, akavitafuta viatu vyake chini ya kiti kilichopinduka, akavivaa kimoja kimoja. Nyuma ya kioo, taa nyekundu ikazimika.

Shavu lilimvimba, likawa la zambarau, likawa la kijani, likarudi. Pengo hakulijaza. Siku walipokuwa wakisikiliza kazi iliyokamilika, Vidole alikuja. Hakuingia; alisimama kizingitini, mkono umefungwa bandeji, na aliyemtazama aliona kwamba hapati usingizi.

"Shikamoo, Dada."

Mkwaruzo hakuiitikia shikamoo yake. "Sema."

"Kile kipande cha mwanzo. Kifute."

"Kipi?"

"Unakijua."

"Si ulisema wimbo wa mzee hauanzi bila kugonga?"

Vidole akatazama chini. "Watu watasema nini?"

"Watasema walichosikia."

"Na jina langu?"

"Litakuwepo. Gitaa: Vidole. Umelipiga vizuri, hakuna wa kukunyima."

"Mama ataisikia."

"Mama ndiye wa kwanza."

Fundi alijifanya anapangusa vumbi kwenye mashine. Vidole alipogeuka kuondoka alinyoosha mkono avute mlango nyuma yake, kisha akaufikiria mlango, akauacha wazi.

Mama yao alikuwa barazani nyuma ya nyumba, anashona vifungo kwenye shati la mtu, jua la saa tisa miguuni pake. Mkwaruzo aliweka redio ya kaseti kwenye kigoda upande wa kulia, upande wa sikio zima. Hakueleza kitu. Nyimbo za kusagia zikapita, na mama akazifuatisha kwa kichwa, mara mbili akasahihisha maneno. Za wachukuzi zikapita. Ya kumwombea mgonjwa ikapita, na mama akasema, "Hiyo bibi yako aliiimba taratibu zaidi, lakini si mbaya."

Kisha: kofi, kofi, ngumi, ngoma ikicheza chini yake kwa furaha zake zote.

Sindano ikasimama.

"Huyo ni Vidole," mama alisema. Hakuuliza. "Anayepigwa nani?"

"Mimi, mama."

Mama hakumtazama. Alilitazama pengo tu, mara moja, harakaharaka, kama mtu anayechungulia chumba ambacho amewahi kukaa. Redio ikagonga: ngo, ngo, ngo. Mkwaruzo alimsubiri mama anyanyuke, akumbuke kitu jikoni. Mama alibaki. Ubeti wa kwanza, akajifuta mdomo uliokuwa mkavu. Wa pili, akakaza kanga. Wa tatu, mkono wake wa kulia ukaiacha sindano, ukapanda, ukashika hewani pale ambapo hapakuwa na mlango, ukasukuma.

Kwenye redio chuma kikalia. Halafu kimya.

Mama aliinamisha sikio lake zima. Alikuwa akingoja mlango usikike, hatua za mtu kuingia, magoti kugusa sakafu. Kimya kikarefuka. Uso wa mama ulibadilika polepole, hofu ikaja, ikakaa, ikaanza kutafuta pa kwenda. Kisha sauti ya binti yake ikatoka ndani, upande wake wa mlango, na mama akafunga macho.

Alisikiliza mpaka mguno wa mwisho. Kuku wa jirani alikuwa akiparura karibu na ndoo. Shati lilikuwa limeanguka, na hakuna aliyeliokota.

"Hukufungua," mama alisema.

"Sikufungua."

Mama akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa bado umenyanyuka. Akaushusha mapajani, akaweka wa kushoto juu yake, akaukandamiza.

"Rudisha," alisema. "Anzia pale kwenye kimya."